Shikamoo Ina Marahaba Yake

Chumba namba 4 hakikuwa na maji ya moto tangu alfajiri, na fundi alikuwa ameahidi kufika baada ya adhuhuri. Mgeni wa chumba kile, mama wa Kiingereza wa umri wa makamo, alishuka ngazi taulo likiwa begani, akaniuliza: "You haven't got any hot water, have you?" Nikamjibu palepale, kwa adabu zote: "Yes." Akashukuru, akapanda. Baada ya muda kidogo akarudi, kichwa kimejaa povu la sabuni.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwa nini nimemwambia yapo. Na mimi nilikuwa radhi kuapa kwamba nimemwambia hayapo. Kwetu mtu akiuliza, "Hamna maji ya moto, eti?" ukasema "ndiyo", umekubaliana naye: ndiyo, hamna, ni kama ulivyosema. Kiingereza hakijali kama unakubaliana na aliyeuliza. Kinatazama jambo lenyewe. Lipo, "yes". Halipo, "no", hata kama muulizaji mwenyewe amekwisha kusema halipo. Siku ile nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri ya Kiingereza. Nilikuwa nimesoma miaka 4 ya sekondari kwa lugha hiyo, baiolojia, jiografia, historia, vyote isipokuwa Kiswahili, na hilo la "yes" na "no" sikuwa nimelisikia hata mara moja.

Hapo ni Mikindani, mwaka 2014. Nilikuwa nimeajiriwa mapokezi kwenye nyumba ndogo ya wageni inayotazama ghuba. Ilikuwa miaka ya gesi. Bomba la kwenda Dar es Salaam, lile lililozinduliwa Oktoba 2015, lilikuwa bado linajengwa, na Mtwara ilijaa watu wa kila taifa. Vyumba vya mjini vikijaa, wageni wanasogezwa kwetu, kilomita 10 hivi. Wengine walikuja kwa ajili ya Mikindani yenyewe, kuiona boma ya Wajerumani iliyojengwa mwaka 1895, na kusimama mahali alipopita Livingstone mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya kuelekea bara. Habari za Livingstone niliweza kuzisema kwa Kiingereza dakika 10 bila kukwama, maana nilizikariri. Kilichonishinda ni kumweleza mgeni kwamba kitasa cha chumba namba 4 kinang'ang'ania, asikilazimishe, avute kwanza mlango kwake ndipo azungushe ufunguo.

Jumapili iliyofuata nilipanda daladala hadi Mtwara, nikaenda Chikongola kwa mjomba. Yeye ni kaka wa mama, tumbo moja, na alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini mpaka alipostaafu. Bandari ile Waingereza waliijenga baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya mradi wao wa karanga wa Nachingwea. Karanga zikashindwa, reli ikang'olewa, bandari ikabaki. Ndani ya bandari hiyo mjomba alijifunza Kiingereza kwa mabaharia, bila kitabu, akiwa na penseli sikioni na karatasi ya hesabu mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Za Mikindani?"

Nikamsimulia ya maji ya moto. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha shikamoo nilipokuwa mdogo. Nikamwambia mama. Akauliza: "Alikufundisha shikamoo peke yake?" Nikafikiri. Hapana, alinifundisha na marahaba. Hodi nilifundishwa pamoja na karibu. Hujambo ilikuja na sijambo, na hapo mjomba akaniinulia kidole: "Unaona? Salamu yetu ya kwanza kabisa ni swali la kukanusha, na jibu lake nalo ni la kukanusha. Ndiyo maana umemjibu yule mama vile." Halafu akasema neno ambalo nimeliandika kwenye jalada la ndani la daftari langu: "Huko shuleni mmepewa shikamoo bila marahaba."

Alikuwa amesema kweli. Tulikariri sentensi moja moja, kila moja imesimama peke yake kama mnazi ufukweni. Ya kumjibu mtu hatukuwa nayo, isipokuwa "I am fine, thank you, and how are you?" ambayo darasa zima tuliiimba kwa sauti moja kila mwalimu alipoingia.

Nilinunua kaunta buku, nikagawa kila ukurasa mara mbili. Kushoto naandika alichosema mtu, kulia alichojibiwa. Mjomba alinipa sharti gumu: mwezi wa kwanza nisiandike chochote nilichokitunga mwenyewe wala kukifasiri kutoka Kiswahili. Niandike nilichosikia tu, na pasipo jibu nisiandike. Mapokezi ni mahali pazuri kwa kazi hiyo. Watu wanakutana pale, wanaulizana, wanaombana radhi, wanangojana. Nikawa nasikiliza wanavyozungumza wao kwa wao, kwa sababu wakisema na mimi walipunguza mwendo na kuchagua maneno mepesi.

Kurasa za mwanzo zilinishangaza kwa ufupi wake. Mtu anasema "Sorry I'm late", mwenzake anajibu "That's all right", yamekwisha. "Thanks for that", jibu "No problem". Waingereza walikuwa wanapishana kwenye ngazi, mmoja anasema "You all right?" na mwingine "Yeah, you?" bila hata kusimama. Mimi niliposemeshwa hivyo mara ya kwanza nilidhani ninaonekana mgonjwa. Kumbe ni "mambo" na "poa" yao. Ile "How do you do?" tuliyofundishwa kwa mkazo mwingi sikuisikia mapokezi hata mara moja mwaka ule wote.

Ukurasa ulionichukua muda mrefu kuliko yote ni wa "Do you mind". Mgeni anakuta kiti kitupu kando ya mwenzake, anauliza: "Do you mind if I sit here?" Mwenzake akitaka kumkaribisha anasema "No, not at all". Kwa sikio letu hiyo ni "hapana", na hapana kwa mtu anayeomba kukaa ni kufukuzwa. Lakini swali lenyewe linauliza kama utakereka. Hapana, sitakereka, kaa. Mimi siku moja nilikuwa nimemjibu mgeni mwenye swali kama hilo "Yes, yes!" kwa furaha, huku nikimsogezea kiti, na nilimwona akisita kati ya neno langu na mkono wangu. Mkono ndio uliomwokoa. Nilifanya zoezi la swali hili wiki nzima. Mjomba ananipigia simu jioni, anauliza kumi mfululizo, mengine ya "do you mind", mengine ya kawaida, na mimi natakiwa kujibu kabla hajavuta pumzi. Ukijipa muda wa kufikiri, unarudi kwenye Kiswahili. Kasi ile ndiyo iliyonifundisha.

Baada ya mwezi akaniruhusu kuanza upande wa pili: maneno yangu mwenyewe ya kila siku, yale ninayoyasema kwa Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka nafunga geti, nitafute Mwingereza angesema nini mahali hapo. Hapa ndipo nilipoona ni kwa kiasi gani nilikuwa nafasiri neno kwa neno. Mimi nikiondoka mezani kidogo nasema "nakuja". Kila mtu wa pwani anaelewa kwamba ninakwenda na nitarudi. Nilikuwa nawaambia wageni "I'm coming" huku nawapa mgongo, na wao wanabaki wamenitazama. Neno lake ni "I'll be right back" au "Won't be a minute". Nikikutana na mgeni wa siku nyingi nilimwambia "You are lost!" kwa maana ya umepotea, umeadimika, tumekukosa. Yeye anasikia kwamba hajui njia. Neno lake ni "I haven't seen you for ages". Na usiku, mgeni akiingia kutoka mjini, nilimpokea kwa "Good night", ambayo kwao ni ya kuagana kwenda kulala. Anayeingia anaambiwa "Good evening" hata kama ni saa nne.

Adabu ilinisumbua zaidi, kwa sababu ndiyo ninayoijali zaidi. Kiswahili kina shikamoo, kina mzee, mama, kaka, dada, kina "naomba". Kiingereza hakinipi hata kimoja cha hivyo cha kuweka mbele ya mtu mzima. Nilikuwa nasema "I am requesting your passport", nikiamini nimebeba heshima yote ya "naomba pasi yako". Mgeni alikuwa anaipokea kama barua ya ofisi ya serikali. Na nikiwa na haraka nilisema "Sign here", "Wait", ambayo kwao ni amri tupu. Heshima yao imefichwa kwenye umbo la sentensi: "Could I see your passport, please?" "Would you like to pay now or later?" Wakiomba jambo zito wanarudi nyuma hadi wakati uliopita: "I was wondering if you could help me." Nilipoiandika hiyo kwenye daftari niliifurahia sana, maana na sisi tunafanya vilevile. Mtu akija kukopa hasemi "nataka". Anasema "nilikuwa naomba unisaidie kidogo", ingawa haombi jana, anaomba sasa hivi amesimama mlangoni. Wanapokuletea habari mbaya wanatanguliza "I'm afraid". Hakuna anayeogopa kitu. Ni kama sisi tunavyosema "samahani" kabla ya kumwambia mtu samaki wamekwisha.

Nikae kidogo kwenye sauti, kwa kuwa hili sikulipata kwa mjomba. Nililipata kwa mama mdogo, niliyekuwa nakaa naye Mikindani, kwenye korosho.

Msimu ulipofika tulikuwa tunabangua uani jioni. Korosho zimeshakaangwa mpaka maganda yakawa meusi, mikono tumeipaka majivu ili mafuta ya maganda yasituunguze, kila mtu na jiwe lake. Simu nilikuwa nimeiweka juu ya kinu, inacheza vipindi vya kujifunza Kiingereza vya BBC, watu wanaofundisha lugha hiyo kwa redio tangu 1943. Mama mdogo hajui Kiingereza. Akasema, bila kuinua macho: "Hawa wanabangua. Sikiliza, wanapiga palepale tu, katikati wanapapasa." Nikasimamisha jiwe langu. Nikarudisha nyuma kipindi. Alikuwa amesikia jambo ambalo mimi na cheti changu hatukulisikia.

Kiswahili kila silabi ina haki yake, na uzito unakaa kwenye ya pili kutoka mwisho. Ni-me-ku-le-te-a: zote unazisikia. Kiingereza kinachagua maneno mawili matatu ya kupigia jiwe, na yaliyobaki yanapita kwa kupapaswa. "What do you want to do?" ina mapigo matatu, "what", "want" na "do" ya mwisho, na vilivyo katikati vinabanwa mpaka inasikika kama "wodya-wona-du". Nilikuwa nakitafuta kila kijineno masikioni kama kilivyo kitabuni, sikipati, nadhani mgeni anaongea haraka. Haongei haraka. Anapiga panapostahili.

Kuanzia hapo nilifanyia mazoezi uani. Naseti sentensi moja, napiga jiwe kwenye neno zito, korosho inapasuka au haipasuki, narudia. Mama mdogo akawa mwamuzi wangu: "Hapo umepiga mara tano, wao walipiga mbili." Zoezi lililonisaidia kuliko yote lilikuwa la "can" na "can't". Mmarekani mmoja aliuliza kama nguo zake zitafuliwa siku hiyo, nikamjibu "I can do it today" nikiikaza "can" kwa nia njema. Akachukua nguo zake, akaondoka nazo. Katika sentensi ya kukubali, "can" hupapaswa, inakuwa kama "kn" tu, na jiwe linaangukia "do". Ukiikaza, mwenye sikio la Kimarekani anaweza kusikia "can't".

Nina neno kuhusu vile vijitabu vya misemo. Rafiki yangu alininunulia kimoja, kimejaa mvua ya paka na mbwa, kuuma risasi, kupiga ndoo teke. Nilikariri 40 kwa wiki mbili. Katika miaka 6 niliyokaa pale mapokezi, na masika ya Mtwara yakinyesha mbele ya macho yao, hakuna mgeni aliyetaja paka wala mbwa. Walisema "It's pouring." Ninaumia nikimwona mwanafunzi anatumia akili yake changa kwa vitu hivyo, wakati hana "hang on", hana "it depends", hana "we've run out of". Hilo la mwisho peke yake ningeweza kulitumia mara tano kwa siku: maji yamekwisha, mkate umekwisha, luku imekwisha. Kwa umeme unasema "The power's gone off", na unamtuliza kwa "It should be back on soon". Hayo ndiyo maisha yangu, na ndiyo niliyotakiwa kuanza nayo.

Na maneno yana kwao. Waafrika Kusini wakikuambia watafanya jambo "just now", usisimame kungoja. Kwao ni baadaye, saa isiyojulikana. Mwingereza akikuambia "cheers" mchana kweupe mkononi hana glasi, anashukuru. Nilianza kuandika pembeni mwa kila ukurasa msemaji ametoka wapi.

Ukurasa mmoja tu ulibaki mtupu upande wa Kiingereza, nao ni wa "pole". Nilijaribu "sorry". Mgeni akijikwaa kwenye ngazi nasema "Sorry!", ananijibu "It's not your fault", na mimi sikuwa nimesema ni kosa langu. Mtu akitoka kazini jua linawaka, "Sorry for the work" haimaanishi kitu. Niligawanya: akijikwaa, "Oh dear, are you all right?", akichoka, "You must be tired". Lakini neno moja la kuyabeba yote sikulipata, na mjomba alisema acha wazi.

Usiku mmoja mwaka 2016 dada mmoja wa Kiskoti, mhandisi, aliyekuwa amekaa kwetu wiki tatu katika kile chumba namba 4, alishuka mapokezi simu ikiwa mkononi. Baba yake amefariki. Ndege ya kutoka Mtwara ni asubuhi. Mdomo wangu ulisema "pole" kabla sijaamua lugha. Kisha nikasema "I'm so sorry", na kwa mara ya kwanza ile "sorry" ilikuwa mahali pake. Akaitikia "Thank you". Kwetu mtu haachwi peke yake na habari kama hiyo, watu wanakuja, wanakaa, hata kama hawana la kusema. Nikamuuliza: "Do you want me to sit with you for a bit?"

Akanitazama, akasema: "Would you?"

Miaka miwili kabla ningedhani ananiuliza swali, nikaanza kutafuta jibu. Lakini nilikuwa nayo kwenye daftari, upande wa kulia, imeandikwa mara tatu kwa tarehe tofauti. Ni jibu. Ni kukubali kwa mtu asiyetaka kuonekana anaomba. Nikavuta kiti.

Tulikaa barazani mpaka saa nane. Ghuba ilikuwa imekupwa, harufu ya matope inakuja na upepo. Katikati ya kimya aliniuliza neno lile la kwanza nililosema ni lipi. Nikamwambia pole, nikamweleza linapotumika, kwa msiba, kwa ugonjwa, kwa kazi, kwa safari. Akauliza swali ambalo mjomba angelipenda: mtu akiambiwa hivyo anajibu nini? Nikamwambia usiku huu aseme "asante" tu, inatosha. Lipo jibu jingine, "nimeshapoa", nalo nikamfundisha, ila nikamwambia hilo ni la baadaye, likifika siku yake.

Alirudi kikazi baada ya miezi minane. Alishuka kwenye bajaji na begi moja, nikatoka nje kumpokea, nikamwambia: "Pole na msiba."

"Asante," akasema. Akanyamaza kidogo. "Nimeshapoa." Uzito aliuweka kwenye "po", palepale panapotakiwa.

Nikampa ufunguo. Akautazama namba, akaniuliza: "You haven't fixed that lock yet, have you?"

"No," nikamjibu, "I'm afraid we haven't." Nikabeba begi lake, tukapanda ngazi.